Maisha ya kila siku ya mateka wa vita nchini Uingereza na Ufaransa, 1793–1815: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu mateka gani?

Yanahusu askari na mabaharia waliotekwa katika vita vilivyoanza mwaka 1793 kati ya Uingereza na Ufaransa ya mapinduzi, vikasimama kwa muda mfupi wa amani mwaka 1802 hadi 1803, kisha vikaendelea mpaka Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alipoangushwa kabisa mwaka 1815. Wamo pia mabaharia wa Marekani, nchi iliyoingia vitani dhidi ya Uingereza mwaka 1812. Idadi yao ilikuwa kubwa mno: Wafaransa na washirika wao walioshikiliwa na Uingereza kati ya 1803 na 1814 walizidi 100,000, na katika miezi ya mwisho ya vita takriban 70,000 walikuwa bado ndani ya nchi hiyo kwa wakati mmoja.

Kipindi hiki kinastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu hapo ndipo dola ilipoanza kujenga kambi maalumu kwa ajili ya mateka peke yao, na kuweka daftari la kila mtu aliyeingia na kutoka. Daftari hizo, pamoja na barua za wafungwa na vitu walivyovitengeneza kwa mikono yao, zinatuonyesha jambo ambalo masimulizi ya vita hulipita haraka, nalo ni kwamba hali ya mateka ilitegemea cheo chake na fedha zake kuliko bendera aliyoipigania.

Mtu akishatekwa, kitu gani kilimpata kwanza?

Wengi wa mateka walioshikiliwa Uingereza walikamatwa baharini, ama kwenye meli za kivita, ama za biashara, ama zile za watu binafsi zilizopewa kibali cha serikali kuwinda meli za adui. Meli ikishasalimu amri, mabaharia waliotekwa waliteremshwa ngamani au kugawanywa katika meli za mshindi, na mara nyingi walifika bandarini wakiwa na nguo walizovaa tu, kwa kuwa mizigo yao ilikuwa imekwisha kuporwa. Bandarini karani aliandika jina, cheo, meli, mahali alipokamatwa, umri, kimo, rangi ya nywele na ya macho, pamoja na alama za mwilini, ili akitoroka aweze kutangazwa. Baada ya hapo njia ziligawanyika. Ofisa alielekezwa kwenye mji mdogo wa bara, akaishi nje kwa kiapo cha heshima, ilhali baharia na askari wa kawaida walikwenda gerezani.

Safari ya kwenda gerezani kwa kawaida ilikuwa ya miguu, chini ya ulinzi wa wanamgambo, na wakati wa usiku walilazwa katika mabanda na maghala ya njiani.

Magereza yenyewe yalikuwaje?

Yalikuwa ya namna tatu. Kwanza, zilikuwepo ngome za kale zilizogeuzwa, kama vile Portchester karibu na Portsmouth na ngome ya Edinburgh. Pili, kulikuwa na meli kuukuu za kivita zilizong'olewa milingoti na kufungwa minyororo katika maji ya Portsmouth, Plymouth na Chatham. Tatu, zilijengwa kambi mpya za nchi kavu, mbili kati yake zikiwa na sifa kuliko nyingine.

Kambi ya Norman Cross, karibu na mji wa Peterborough, ilijengwa haraka kwa mbao mwaka 1796 na kupokea mateka wa kwanza mwaka 1797. Ilikuwa na viwanja vinne vyenye mabweni ya ghorofa mbili, na katikati yake ulisimama mnara wa pembe nane uliokuwa na mizinga iliyoelekezwa mabwenini. Ilichukua watu kati ya 5,000 na 7,000, idadi iliyozidi ile ya wakazi wa miji mingi ya jirani. Gereza la Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1809, lilijengwa kwa mawe magumu juu ya uwanda wenye ukungu na upepo, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Madirisha yake hayakuwa na vioo wala mabweni hayakuwa na moto wa kuota, na maelfu ya watu walilala humo katika vitanda vya kamba vilivyoning'inizwa kimoja juu ya kingine.

Meli-gereza zilichukiwa kuliko yote hayo. Matundu ya mizinga yalizibwa kwa nondo, sitaha ya chini ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu mzima hakuweza kusimama wima, na kila jioni mamia ya watu walifungiwa humo mpaka asubuhi bila hewa ya kutosha. Kuhamishiwa huko kutoka kambi ya nchi kavu kulitumika kama adhabu, na mateka wenyewe waliihofu kuliko kupunguziwa chakula.

Walikula nini?

Posho iliandikwa kwenye tangazo lililobandikwa gerezani kwa lugha ya mateka wenyewe. Kwa kawaida, siku tano za wiki kila mtu alipaswa kupata ratili moja na nusu ya mkate, yaani kama gramu 680, pamoja na nusu ratili ya nyama ya ng'ombe, mboga ya kabichi au mzizi, shayiri kidogo ya kuzidisha uzito wa mchuzi, kitunguu na chumvi. Siku ya Jumatano na ya Ijumaa nyama iliondolewa, wakapewa samaki wa chumvi na viazi. Wapishi walichaguliwa miongoni mwa mateka, na chakula kiligawiwa kwa makundi madogo; huko Dartmoor kundi moja lilikuwa la watu sita, nao waligawana kilichomo katika ndoo moja.

Kwa karatasi, posho hiyo haikuwa mbaya ikilinganishwa na chakula cha kibarua wa mashambani wa siku zile. Kilichoharibu mambo ni safari ya chakula kutoka kwenye karatasi hadi mdomoni. Wazabuni walileta mkate wa unga mbovu na nyama yenye mifupa mingi kuliko mnofu, na mizani ilipunja. Ndiyo maana kanuni ziliwaruhusu mateka kuchagua wajumbe wao wa kusimama langoni wakati wa kupokea mizigo, wakapima, wakanusa, na kukataa kisichofaa. Haki hiyo ilitumika kwa bidii. Kwa mtu asiye na senti ya kununua cha ziada, uzito wa kipande kile cha mkate ulikuwa ndio tofauti kati ya kuwa na nguvu na kudhoofika, na mabishano mengi yaliyozuka ndani ya kuta hizo yalihusu mkate.

Nani aliyelipia chakula na nguo zao?

Swali hili ndilo lililoua watu wengi. Kwa desturi ya zamani kila serikali ilitunza mateka iliowashika, kisha hesabu zikalinganishwa baadaye. Mwaka 1798 pande mbili zilikubaliana kwamba kila nchi igharimie watu wake walioko mikononi mwa adui, hivyo Ufaransa ikawa na wakala wake Uingereza wa kununua mahitaji. Mwishoni mwa mwaka 1799 Bonaparte, akiwa ndiyo kwanza ameshika madaraka, aliuvunja mpango huo. Uingereza ikarudia kulisha, lakini ikashikilia kwamba nguo bado ni wajibu wa Ufaransa, nayo Ufaransa ikakataa.

Mabishano hayo yaliendelea kwa barua wakati ambapo mavuno ya Uingereza yalikuwa mabaya na bei ya mkate imepanda sana. Katika majira ya baridi ya 1800 kuingia 1801, watu waliokuwa nusu uchi, wenye njaa, waliobanwa katika mabweni ya mbao ya Norman Cross, walipata homa ya mlipuko iliyowaua zaidi ya 1,000. Jumla ya waliofia katika kambi hiyo kwa miaka yake yote inakadiriwa kuwa karibu 1,770, maana yake zaidi ya nusu walikwenda katika kipindi hicho kimoja. Hakuna askari aliyeamriwa kuwaua watu hao. Waliuawa na serikali mbili zilizokuwa zikisubiri kuona nani atachoka kwanza, na ni vigumu kuusoma mkasa huo bila uchungu.

Walivaa nini?

Wale waliopewa nguo na serikali ya Uingereza walivaa koti, kizibao na suruali vya rangi ya njano kali, vilivyopigwa chapa ya herufi T na O, yaani Ofisi ya Usafirishaji, idara iliyosimamia mateka. Rangi hiyo ilichaguliwa makusudi ili mtoro aonekane kwa mbali. Mtu mwenye fedha alinunua nguo zake mwenyewe na kuepuka aibu ya njano.

Siku ya kawaida ilipitaje?

Asubuhi milango ilifunguliwa, watu wakatolewa uani na kuhesabiwa mmoja mmoja. Zamu za usafi zilifagia mabweni, vitanda vya kamba vikakunjwa, wajumbe wakaenda langoni kupokea chakula, na soko likafunguliwa. Mchana kulikuwa na mlo mkuu. Jioni watu walirudishwa ndani, wakahesabiwa tena, na milango ikafungwa kwa makomeo.

Saa zote zilizobaki katikati zilikuwa za kila mtu mwenyewe, na humo ndimo ugumu mkubwa wa kifungo hiki ulimokaa. Askari na mabaharia wa kawaida hawakulazimishwa kufanya kazi ngumu kama wahalifu. Walikuwa na muda mwingi kupita kiasi, tena hawakujua utakwisha lini. Mhalifu alijua tarehe ya kufunguliwa, ilhali mateka hakuijua. Kwa hiyo walifundishana kusoma, hesabu, lugha, ngoma za kisasa na kucheza upanga kwa fimbo. Portchester walijenga ukumbi wa maigizo kamili katika sehemu ya chini ya mnara mkuu, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 300 na mapazia yaliyochorwa kwa ustadi, hata raia wa jirani wakawa wanakuja kutazama mpaka wenye kumbi za biashara walipolalamika na watu wa nje wakapigwa marufuku.

Je, waliruhusiwa kufanya kazi na kujipatia fedha?

Ndiyo, na hapa kuna mengi ya kusema. Kila kambi ilikuwa na soko langoni, ambako watu wa vijiji vya karibu waliuza mboga, mayai, maziwa, tumbaku na kahawa, na mateka wakauza kazi za mikono. Kazi zilizopata sifa kuliko zote ni za mifupa.

Mifupa ilitoka kwenye sufuria ya mchuzi. Baada ya nyama kuliwa, mateka aliikusanya, akaichemsha mpaka mafuta yakatoka, akaianika ikawa nyeupe, kisha akaikata vipande vyembamba kwa msumeno mdogo na kuvisawazisha kwa tupa. Vipande hivyo vilitobolewa kwa keekee iliyotengenezwa kwa msumari, vikapangwa kimoja baada ya kingine juu ya umbo la mti na kushikizwa kwa pini nyembamba za shaba, mpaka ikatokea meli ya kivita yenye sitaha, ngazi, nanga na safu za mizinga. Kamba za milingoti zilisokotwa kwa nywele, za farasi au za watu. Katika baadhi ya meli hizo ipo kamba iliyofichwa nyuma, ukiivuta mizinga yote inaingia ndani kwa pamoja, na ukiiachia inachomoza tena. Kazi kama hiyo ilihitaji miezi mingi, na kwa kawaida iligawanywa: mmoja alichonga, mwingine akasokota, wa tatu akachora ramani kwa kumbukumbu ya meli aliyowahi kuitumikia. Wengine walitengeneza vibao vya domino, visanduku vya kushonea, vifaa vya kusokotea nyuzi vinavyozunguka, hata mifano midogo ya mashine ya kukatia vichwa iliyokuwa imeitia hofu Paris. Wengine walibandika mabua yaliyotiwa rangi juu ya visanduku, wakapata picha za maua na nyumba.

Biashara iliyoingiza fedha za haraka zaidi, lakini ikakatazwa, ni kusuka ukili wa mabua ya ngano kwa ajili ya kofia. Familia maskini za Kiingereza ziliishi kwa kazi hiyo, na ukili wa mateka, usiolipiwa ushuru, uliuzwa kwa bei ndogo. Serikali iliupiga marufuku. Hata hivyo mabua yaliingia na ukili ukatoka, ukiwa umefungwa miilini mwa askari wa zamu waliokula njama na wanunuzi, na baadhi ya askari hao walichapwa viboko walipokamatwa. Wapo pia mateka waliotumia ustadi huohuo wa mikono kughushi noti za benki, kosa ambalo kwa sheria ya Uingereza adhabu yake ilikuwa kifo.

Ni kweli kwamba baadhi yao walicheza kamari mpaka wakabaki uchi?

Ni kweli. Huko Dartmoor Wafaransa wa tabaka la chini kabisa waliitwa Warumi, kwa sababu waliishi katika dari ya juu iliyopewa jina la Kapitoli, kilima mashuhuri cha Roma ya kale. Walikuwa wameweka rehani nguo, kitanda, na posho ya chakula ya siku zijazo, wakapoteza vyote. Walilala wakiwa wamebanana sakafuni ili wapate joto, na walikula maganda na mabaki yaliyotupwa uani. Matajiri wa gerezani, wale wenye maduka au wanaotumiwa fedha na jamaa zao, waliitwa Malodi, yaani mabwana wakubwa, na kati ya makundi hayo mawili kulikuwa na wafanyakazi wa mikono na wengi wasiojishughulisha na lolote.

Viongozi wa gereza waliwaona Warumi kama watu walioharibika tabia. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kijana aliyekamatwa akiwa na miaka 16, asiye na ufundi wala barua kutoka nyumbani, akikaa miaka mitano bila tarehe ya kutoka, hakuwa na vitu vingi vya kumshikilia. Wauzaji wa posho, walionunua chakula cha mwenye njaa kwa bei ya kutupa, walikuwa mateka wenzake.

Maofisa waliishi vipi?

Waliishi nje. Ofisa alitia saini karatasi akiahidi kwa heshima yake kwamba hatatoroka wala hatafanya hila, akapangiwa mji mmoja kati ya zaidi ya 50 iliyotengwa kwa kazi hiyo, kama Ashburton, Wincanton, Leek, Chesterfield, au Kelso na Jedburgh upande wa Skotlandi. Alipanga chumba kwa raia. Aliruhusiwa kutembea hadi maili moja kutoka mjini, yaani kama kilomita 1.6, tena kwa barabara kuu tu, asikate mashambani wala kwenye njia za pembeni. Kengele ilipigwa jioni, saa kumi na moja wakati wa baridi na saa mbili usiku wakati wa joto, akalazimika kuwa ndani. Raia aliyemripoti ofisa aliyevuka mpaka alipewa zawadi ya fedha, na watoto wa mitaani waliijua kanuni hiyo vizuri.

Serikali ilimlipa kama shilingi moja na nusu kwa siku, kiasi ambacho hakikumtosha mtu asiye na fedha za kwao. Hivyo maofisa walifundisha Kifaransa, muziki, uchoraji na ngoma katika nyumba za wenyeji, wakaanzisha vilabu na nyumba za Wamasoni, na baadhi yao wakaoa. Kati ya maisha hayo na dari la Warumi palikuwa na umbali mkubwa kuliko kati ya Ufaransa na Uingereza.

Wapo waliovunja kiapo. Jenerali Lefebvre-Desnouettes, aliyetekwa Hispania mwishoni mwa mwaka 1808 na kuishi Cheltenham kwa raha pamoja na mkewe, alitoroka mwaka 1812, akapokewa na Napoleon na kurudishwa jeshini. Waingereza walikasirika sana, kwa kuwa kwa sheria ya heshima ya zamani mtu kama huyo alistahili kurudishwa.

Na Waingereza waliotekwa na Wafaransa?

Walikuwa wachache zaidi, kama 16,000, na miongoni mwao walikuwemo raia wengi, kwa sababu mwezi Mei 1803 Napoleon aliamuru wanaume wote wa Kiingereza wenye umri wa miaka 18 hadi 60 waliokutwa Ufaransa wakamatwe. Watalii, wafanyabiashara na wasomi wakajikuta mateka. Watu wa daraja la juu walikusanywa katika mji wa Verdun, wakafungua shule, kanisa, na hata mashindano ya farasi, na kupoteza mali nyingi katika nyumba za kamari. Kamanda wa mji huo, Jenerali Wirion, aliwakamua fedha kwa kila kisingizio, mpaka malalamiko yakafika Paris. Alipoitwa kujibu mashtaka mwaka 1810, alijiua. Mabaharia wa kawaida walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Givet, Arras, Valenciennes au Sarrelouis, na watoro waliokamatwa walipelekwa ngome ya Bitche, ambayo vyumba vyake vya chini ya ardhi vilitoa maji ukutani.

Bahari ya Hindi nayo ina mateka wake mashuhuri. Nahodha Matthew Flinders, aliyekuwa akirudi kutoka kupima pwani za Australia, alitia nanga kisiwani Morisi, koloni la Ufaransa wakati huo, mwezi Desemba 1803 bila kujua kwamba vita vimeanza upya, na Gavana Decaen akamzuia kwa zaidi ya miaka sita. Alikaa kwanza mjini Port Louis, kisha akaruhusiwa kuishi ndani ya kisiwa, mbali na pwani, kwa familia ya D'Arifat, ambako alijifunza Kifaransa, akafundisha vijana wa nyumba hiyo hesabu na ubaharia, na kuchora upya ramani zake. Hata baada ya Paris kuagiza aachiwe, Decaen aliendelea kumzuia, na hakuondoka mpaka mwaka 1810.

Je, walikuwepo Weusi miongoni mwa mateka?

Walikuwepo, tena kwa maelfu, na historia yao imechelewa sana kusimuliwa. Mwezi Oktoba 1796 zilifika Portsmouth meli zilizobeba zaidi ya watu 2,500 kutoka visiwa vya Karibi, wengi wao askari Weusi na machotara waliopigana upande wa Ufaransa, ambayo ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1794. Wale wa kisiwa cha Mtakatifu Lusia walikuwa wamesalimu amri kwa sharti kwamba watahesabiwa mateka wa vita, wasiuzwe utumwani. Sharti hilo liliheshimiwa, na hilo si jambo dogo kwa dola iliyokuwa bado inafanya biashara ya watumwa. Waliongozwa na Jenerali Marinier, aliyefika pamoja na mkewe.

Walipelekwa ngome ya Portchester wakiwa na nguo za nchi ya joto. Mateka wazungu waliokuwepo waliwaibia hata hizo chache, na baridi iliwakata wengi vidole vya miguu. Maofisa wa gereza waliagiza wapewe nguo nzito zaidi na wahamishiwe mbali na waonevu, na baadhi ya wanawake na watoto walipelekwa gereza la Forton, ng'ambo ya bandari. Baadaye wengi wao walivushwa Ufaransa kwa mpango wa kubadilishana mateka.

Huko Dartmoor, kati ya mabaharia Wamarekani wapatao 6,500, karibu 1,000 walikuwa Weusi. Mwaka 1814 Wamarekani wazungu waliomba watengwe nao, na Weusi wakapewa jengo namba 4. Humo aliibuka Richard Crafus, aliyejulikana kama Mfalme Dick, mtu wa kimo kirefu kupita kawaida, aliyevaa kofia ya manyoya ya dubu na kuzunguka bwenini akiwa na rungu, akikagua usafi na kuwaadhibu wezi. Jengo hilo likawa na ibada, shule, mafunzo ya ngumi na maigizo yaliyosifiwa, na wazungu wale wale walioomba utengano walikuja huko kutazama, kujifunza na kucheza kamari.

Kwa nini watu walikaa gerezani miaka kumi badala ya kubadilishana?

Katika vita vya awali kubadilishana kulikuwa kawaida. Mkataba wa mwaka 1780 uliweka hata bei: baharia wa kawaida alithaminiwa pauni moja, na admiri wa juu pauni 60 au mabaharia 60. Lakini baada ya 1803 Napoleon aliwakamata raia, Uingereza ikakataa kuwahesabu kuwa mateka halali, na mlango ukafungwa. Mazungumzo ya kubadilishana yaliyofanyika Morlaix, Ufaransa, mwaka 1810 yalivunjika kwa sababu Napoleon alitaka Wahispania na Wareno aliowashika wahesabiwe sawa na Waingereza, ili arudishiwe mabaharia wake wenye uzoefu kwa maelfu. Uingereza ilijua kwamba kila baharia Mfaransa aliyeoza Portsmouth alikuwa pengo katika meli za Napoleon. Kwa hiyo watu waliendelea kukaa kwa sababu kukaa kwao kulikuwa na faida kwa upande mmoja.

Walijaribu kutoroka?

Kila mara. Walichimba mashimo, walikata mbao za meli chini ya usawa wa maji, walivaa sare za walinzi. Mwaka 1811 mateka 49 walitoboa ukuta wa ngome ya Edinburgh na kuteremka kwa kamba kwenye jabali la kusini. Mmoja alianguka akafa. Kwa wenye fedha ilikuwa rahisi zaidi kuwalipa wasafirishaji wa magendo wa Kent, waliowavusha usiku hadi Ufaransa.

Adhabu zilikuwa zipi?

Kupunguziwa posho, kufungiwa katika chumba cha giza, na kuhamishiwa kwenye meli-gereza. Uharibifu wa mali ulilipwa kwa kukatwa chakula cha kundi zima mpaka deni liishe. Tukio baya kuliko yote lilitokea Dartmoor tarehe 6 Aprili 1815, wakati amani kati ya Marekani na Uingereza ilikuwa imekwisha kutiwa saini na Wamarekani wakisubiri meli za kuwarudisha. Siku mbili kabla walikuwa wamevunja lango wakidai mkate badala ya biskuti ngumu. Jioni hiyo kulionekana tundu ukutani, mkuu wa gereza, Nahodha Thomas Shortland, akaita askari, na risasi zikapigwa uani. Watu saba walikufa na makumi wakajeruhiwa. Tume ya pamoja ya Uingereza na Marekani haikumpata wa kumtia hatiani.

Je, ninaweza kuona mahali hapo au kumtafuta mtu katika daftari?

Norman Cross ilibomolewa mwaka 1816, na sasa kuna mnara wenye sanamu ya tai uliowekwa mwaka 1914. Sanamu ya kwanza iliibwa mwaka 1990 na nyingine ikawekwa mwaka 2005. Jumba la makumbusho la Peterborough lina mkusanyiko mkubwa wa meli na visanduku vya mifupa na mabua. Dartmoor iligeuzwa gereza la wahalifu mwaka 1850, na kanisa la Princetown lililo karibu nalo lilijengwa na mateka Wafaransa na Wamarekani. Daftari za mateka zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya namba ADM 103, zimepangwa kwa gereza na kwa uraia. Anayemtafuta mtu aanze na jina la meli na mwaka aliokamatwa, kwa sababu makarani wa Kiingereza waliandika majina ya kigeni kama walivyoyasikia, na jina moja laweza kuonekana kwa tahajia tatu tofauti katika magereza matatu.